Jinsi ya kujiandaa na kuisoma shahada ya usanifu mandhari ukiwa Dar es Salaam

Wahitimu wengi wa kidato cha sita huikuta shahada ya usanifu mandhari kwa mara ya kwanza wanapopekua orodha ya programu za vyuo, na wengi wao huiweka nafasi ya tatu au ya nne, nyuma ya usanifu majengo na uhandisi, wakidhani ni kozi ya kupanda maua mbele ya nyumba za wenye uwezo. Dhana hiyo ndiyo huwafanya baadhi yao wababaike mwaka wa kwanza. Msanifu mandhari hupanga na kubuni ardhi iliyo nje ya kuta za majengo, yaani viwanja vya shule na hospitali, kingo za barabara, fukwe, makaburi, bustani za umma na mabonde ya mito. Katika jiji la pwani kama Dar es Salaam, ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wake kuwa 5,383,728, sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuamua maji ya mvua yapite wapi, yatuame wapi na wapi yasifike kabisa. Mwongozo huu umeandikwa kwa anayefikiria kuisoma fani hii na kwa aliyekwisha kuianza, na msimamo wake ni kwamba anayejizoeza mapema kusoma ardhi, mteremko na maji hufaidika na kozi kuliko anayeanza kwa kununua kompyuta ya bei kubwa.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba hii ndiyo fani unayoitaka

Usanifu mandhari una majirani watatu ambao huchanganywa nao mara kwa mara. Msanifu majengo hushughulika zaidi na jengo lenyewe. Mpangaji miji hushughulika na matumizi ya ardhi kwa eneo pana, kama vile wapi pawe makazi na wapi pawe viwanda. Mtaalamu wa kilimo cha bustani hushughulika na mmea, namna ya kuuotesha na kuutunza. Msanifu mandhari husimama katikati yao: huchukua kipande cha ardhi chenye mipaka, akakipima, akakielewa, kisha akachora jinsi kitakavyotumika, kitakavyotiririsha maji, kitakavyopandwa na kitakavyojengwa, kwa undani wa kutosha ili fundi aweze kukijenga bila kubahatisha.

Taaluma hii si mpya. Mwaka 1858 Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux walishinda shindano la kubuni Central Park ya New York, na kazi yao ilihusu mifereji ya chini ya ardhi na ujazaji wa udongo kama ilivyohusu miti. Chuo Kikuu cha Harvard kilianza kufundisha kozi kamili ya fani hii mwaka 1900, na shirikisho la kimataifa la wasanifu mandhari, linalojulikana kwa kifupi IFLA, liliundwa mwaka 1948. Hapa kwetu, Bustani ya Mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ilianzishwa mwaka 1893 wakati wa utawala wa Wajerumani, na bado ni mahali pazuri pa kuanzia kwa mtu anayetaka kuona miti mikubwa ikiwa imepewa nafasi yake.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, jipe jaribio hili. Chagua eneo moja la wazi unaloweza kulifikia kwa urahisi, kwa mfano viwanja vya Mnazi Mmoja, ufukwe wa Coco, au uwanja wa shule ya msingi ya mtaani kwako. Nenda asubuhi, rudi saa saba mchana jua likiwa kali, kisha rudi tena mvua ikishakatika. Andika watu wanakaa wapi na kwa nini, kivuli kinahamia upande gani, njia gani wapita kwa miguu wamejitengenezea wenyewe kwa kukatiza majani, maji yamesimama wapi na muuza kahawa ameweka meza yake wapi. Ikiwa uchunguzi huo umekuchosha na hukuona kitu cha kuandika, ni vema ufikirie fani nyingine mapema. Ikiwa ulirudi nyumbani na maswali mengi kuliko uliyokwenda nayo, endelea kusoma.

Hatua ya pili: vigezo na maombi

Kwa Dar es Salaam, mahali pa kutazama kwanza ni Chuo Kikuu Ardhi, kilicho jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilikuwa chuo kishiriki cha jirani yake huyo tangu mwaka 1996, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007, na fani za ardhi, majengo na mazingira ndiyo mhimili wake. Anayetaka kulinganisha nje ya nchi atazame Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia huko Juja, Kenya, au Chuo Kikuu cha Pretoria nchini Afrika Kusini.

Masharti ya programu husika, yakiwamo masomo yanayokubalika na muda wa masomo, husomwa katika mwongozo wa udahili unaotolewa kila mwaka na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, nao una toleo la wahitimu wa kidato cha sita na toleo la wenye stashahada. Usitegemee karatasi ya mwaka uliopita wala maneno ya kaka aliyedahiliwa zamani, kwa sababu masharti hubadilishwa. Kiwango cha jumla kwa mhitimu wa kidato cha sita ni ufaulu wa masomo mawili ya msingi yenye jumla isiyopungua pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1, lakini programu yenyewe inaweza kudai zaidi ya hapo. Kama bado uko kidato cha tano, jiografia na hisabati zishike kwa mikono miwili: ya kwanza itakusaidia kusoma ramani na udongo, ya pili itakusaidia kukokotoa miteremko na ujazo.

Maombi ya mkopo hufanyika kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, kando na maombi ya chuo. Kinachowakwamisha wengi ni nyaraka, hasa cheti cha kuzaliwa kinachotakiwa kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, hivyo lianze jambo hilo wakati unasubiri matokeo na usingoje wiki ya mwisho.

Hatua ya tatu: vifaa, na mpangilio wa kuvinunua

Muhula wa kwanza huhitaji vifaa vya mkono zaidi ya vya umeme. Nunua penseli za HB, 2B na 4B, kalamu za wino za unene tofauti, rula ya skeli yenye pande tatu, karatasi za kupitisha mwanga kwa ajili ya kuchora juu ya mchoro mwingine, kisu cha kukatia modeli, na futi kamba ya mita 30. Daftari la michoro liwe dogo la kuingia kwenye begi la kila siku, kwani daftari kubwa la kifahari huachwa nyumbani. Modeli nyingi za mwaka wa kwanza hujengwa kwa maboksi ya madukani, na hakuna mwalimu makini atakayekupunguzia alama kwa sababu kontua zako, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, zimekatwa kwenye boksi la sabuni, mradi zimekatwa sawasawa.

Kompyuta itahitajika, lakini ukiweza kusubiri hadi ujue programu zitakazotumika utaepuka kununua isiyozimudu. Tenga pia fedha za kuchapisha michoro, maana karatasi za A1 na A0 hula bajeti kimyakimya kila unapokaribia kuwasilisha kazi.

Hatua ya nne: jifunze kupima ardhi kabla hujajifunza kuipamba

Hapa ndipo ningependa msomaji akae zaidi. Mwanafunzi anayeingia darasani akiwa amewahi kupima mteremko kwa mikono yake mwenyewe huielewa kontua siku ya kwanza, na asiyewahi huendelea kuiona kama mistari ya mapambo hadi mwaka wa pili.

Kifaa rahisi kuliko vyote ni mpira wa levo ambao mafundi ujenzi wa jiji hili huutumia kila siku. Tafuta mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wenye urefu wa mita 12 hivi, na mtu wa kukusaidia. Ujaze maji taratibu huku ncha moja ikiwa juu, na uugongegonge kwa vidole hadi mapovu yote ya hewa yatoke, kwa kuwa povu moja lililobaki katikati litakupa kipimo cha uongo. Kisha kila mmoja ashike ncha yake wima kando ya fito yenye alama za sentimita, mkiwa umbali wa mita 10. Maji yakitulia, usawa wake ni mmoja kwenye ncha zote mbili hata kama ardhi chini yenu imeinama. Soma kimo cha maji kutoka ardhini kwa kila upande. Tuseme upande wako umesoma mita 1.20 na wa mwenzako mita 1.45. Basi ardhi ya mwenzako iko chini kuliko yako kwa sentimita 25, na kwa umbali wa mita 10 huo ni mteremko wa asilimia 2.5. Endelea hivyo kiwanja kizima, ukiandika vipimo kwenye mchoro wa gridi, kisha unganisha sehemu zenye kimo sawa. Mistari utakayopata ndiyo kontua.

Ukishakuwa na vipimo hivyo, mambo mengine hufunguka. Uso uliotandazwa vitofali vya pevingi huhitaji mteremko wa asilimia 1 hadi 2 ili maji yasisimame, na eneo la majani huhitaji karibu asilimia 2 au zaidi kidogo. Njia ya kiti cha magurudumu isizidi mwinuko wa 1 kwa 12, kwa hiyo kupanda kimo cha nusu mita kunadai urefu wa mita 6, na kipimo hicho peke yake kinaeleza kwa nini njia nyingi za aina hiyo mjini, zilizobanwa kwenye mita mbili mbele ya mlango, hazipandiki bila kusukumwa.

Hesabu ya pili ni ya ujazo wa mvua. Chukua ua wa shule wenye mita 20 kwa 50, yaani mita za mraba 1,000, uliofunikwa zege. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika si jambo la kushangaza, itamwaga hapo mita za ujazo 50, sawa na lita 50,000, na karibu zote zitatiririka kwa sababu zege hainywi. Hayo ni maboza matano ya lita 10,000 yanayofunguliwa kwa pamoja kwenye uzio wa jirani. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu hii mara moja hachori tena ua wa zege tupu bila kujiuliza maji yake yanakwenda wapi.

Jaribio la tatu ni la udongo. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, lijaze maji, yaache yanywewe, lijaze tena, kisha pima muda unaotumika maji kushuka. Fanya hivyo kwenye mchanga wa Mbezi Beach, halafu ufanye kwenye udongo wa mfinyanzi wa bondeni, nawe utaelewa kwa nini shimo la kunyonyea maji linalofaa sehemu moja ya jiji hugeuka dimbwi la mbu sehemu nyingine.

Hatua ya tano: ishi na studio bila kushindwa nayo

Studio ni somo linalochukua muda mwingi kuliko yote, na kwa kawaida hufuata mwendo mmoja: unapewa eneo na mahitaji ya watumiaji, unakwenda kulichunguza, unachora uchambuzi, unatoa wazo, unalikuza kuwa mchoro wa mpangilio pamoja na mikato, yaani michoro inayoonyesha ardhi kama iliyokatwa wima, na modeli, kisha unaliwasilisha mbele ya jopo la walimu.

Uchambuzi wa eneo ndio hatua inayofanywa kwa haraka mno. Njia inayofaa ni ile iliyoenezwa na Ian McHarg, msanifu mandhari mzaliwa wa Scotland aliyefundisha Marekani, ya kuchora kila jambo kwenye karatasi yake ya kupitisha mwanga: moja ya miteremko, moja ya mikondo ya maji, moja ya udongo, moja ya mimea iliyopo, moja ya njia za watu na moja ya majengo na mipaka. Ukizipanga karatasi hizo moja juu ya nyingine, sehemu zinazofaa kujengwa na zisizofaa hujitokeza zenyewe.

Bonde la Msimbazi ni mfano ambao mwanafunzi wa Dar es Salaam anapaswa kuujua vizuri, hata kama hatapewa kama kazi ya darasani. Mto huo huanzia vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na daraja la Salander, na njiani hupita Jangwani, mahali ambapo mafuriko yamefunga barabara mara nyingi na ambapo kituo cha mabasi yaendayo haraka kilijengwa ndani ya eneo linalofurika. Mvua za Desemba 2011 ziliua watu na kuwaacha wengi bila makazi katika mabonde ya jiji. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuliendeleza bonde hilo, ambao ndani yake mna mpango wa kuliacha eneo la chini lipokee maji na litumike kama bustani ya jiji wakati wa kiangazi. Simama juu ya daraja la Jangwani siku kavu na utazame takataka zilizonasa kwenye matawi, kwa sababu kimo chake kinakuonyesha maji yalifika wapi mara ya mwisho. Kisha itazame ramani ya kontua ya bonde zima, na ujiulize ni kipi kati ya vinavyoonekana kilichopaswa kuwa pale.

Kuhusu jopo, mambo mawili yanatosha. Andaa maelezo ya dakika tano yanayoanza na tatizo la eneo, wala usianze na jina la kupendeza ulilolipa wazo lako. Na mwombe mwenzako aandike kila linalosemwa, maana aliyesimama mbele ya michoro yake baada ya kukesha hasikii nusu ya anayoambiwa. Kukesha kwenyewe kusifanywe sifa. Wanaokesha kila kazi, kwa kadiri nilivyowaona, ni walewale waliobadilisha wazo siku mbili kabla ya kuwasilisha.

Hatua ya sita: ijue mimea kwa majina na kwa tabia

Jiwekee utaratibu wa kujifunza mimea michache kila wiki, ukiandika jina la Kiswahili, jina la kisayansi, kimo na upana wake ikikomaa, tabia ya mizizi, na uvumilivu wake kwa chumvi, ukame na maji yaliyotuama. Jina la kisayansi ni la lazima katika michoro, kwa kuwa jina la mtaani hubadilika kutoka mkoa hadi mkoa, na fundi akinunua mche usio sahihi kosa litarudi kwako.

Anza na inayokuzunguka. Mkungu, Terminalia catappa, una matawi yanayotandaa kwa ngazi na hustahimili upepo wa bahari, ndiyo maana umepandwa sana pwani. Mvinje, Casuarina equisetifolia, hukaa kwenye mchanga wenye chumvi na kujitengenezea naitrojeni kwa msaada wa vijidudu vya mizizini. Mwarobaini, Azadirachta indica, huvumilia ukame na kutoa kivuli kizito. Mkrismasi, Delonix regia, asili yake Madagaska, hupendeza ukichanua mwishoni mwa mwaka, ila mizizi yake hukaa juujuu na huinua vitofali, kwa hiyo usiubanie kando ya njia nyembamba. Kwenye kingo za bahari jifunze kutofautisha mikoko: mchu, Avicennia marina, wenye mizizi ya kupumulia inayochomoza kama penseli, na mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, unaosimama juu ya mizizi iliyopinda.

Shule nzuri ya somo hili ni vitalu vya miche vilivyo kando ya barabara ya Bagamoyo. Nenda saa ambayo hakuna wateja wengi, mwamkie mzee wa kitalu, nunua hata mche mmoja wa kwenye kiriba, kisha umuulize ni mimea gani wateja hununua na kurudi kulalamika kwamba imekufa. Jibu la swali hilo lina thamani kubwa kwa mbunifu. Utasikia mara nyingi habari za majani ya bustani yaliyotandazwa juani na kudai maji kila jioni, na hapo utaanza kujiuliza, kama ninavyojiuliza mimi, kwa nini taasisi zenye shida ya maji bado zinaomba ekari nzima ya majani mafupi pasipo na mti.

Hatua ya saba: programu za kompyuta

Jifunze AutoCAD kwa michoro ya vipimo, SketchUp kwa maumbo ya pande tatu, na QGIS, ambayo hupakuliwa bure, kwa ramani na uchambuzi wa mabonde. Mpangilio huo si sheria. Lililo muhimu ni kwamba programu ije baada ya mkono kuzoea kufikiri kwa penseli, kwa sababu picha iliyong'arishwa kwenye skrini huweza kuficha ardhi isiyo na mteremko wowote.

Hatua ya nane: mafunzo kwa vitendo, sheria na usajili

Unapotafuta nafasi ya mafunzo kwa vitendo, usiishie kwenye ofisi za wabunifu peke yake. Halmashauri za jiji na manispaa zina maeneo ya wazi ya kutunza, wakandarasi wana kazi za mitaro na kingo za barabara, na washauri wa mazingira hufanya tathmini zinazowasilishwa kwa NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Peleka barua ya chuo pamoja na kurasa chache za kazi zako, miongoni mwake ukurasa mmoja wa vipimo vya eneo halisi ulivyovichukua mwenyewe, kwani huo ndio humwonyesha mwajiri kwamba unaweza kutumwa saiti kesho yake.

Ukiwa huko, soma sheria inayogusa kazi yako ya kila siku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa, shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuharibu hifadhi ya ukingo huo. Mteja mwenye kiwanja cha ufukweni atakuomba umchoree kibanda na ukuta ndani ya mita hizo. Uwe na kifungu mkononi kabla ya kikao.

Usajili wa wabunifu majengo na wataalamu wa fani zinazoambatana nao uko chini ya Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, inayoendeshwa kwa sheria ya mwaka 2010. Chukua masharti yake ukiwa bado mwanafunzi, uyasome ujue ni uzoefu wa aina gani unaotambuliwa na chini ya usimamizi wa nani, kisha uanze kuweka kumbukumbu ya kila kazi uliyoshiriki: tarehe, eneo, ulichofanya wewe na jina la aliyekusimamia. Weka pia nakala za michoro yenye saini yake, kwa sababu ofisi ndogo huhama na kufungwa, na miaka mitatu baadaye huenda usimpate mtu wa kukuthibitishia.